Tulivyompeleka Mama Singida kwa Nyumba ya Magurudumu

Tuliporudi, kila aliyepita barazani kwetu aliuliza, "Zuhura, ilikuwaje huko?" Nami nikatoa majibu ya mlangoni: tulikwama, tukafika, Mama hajambo. Majibu ya mlangoni hayashibishi. Rafiki yangu mmoja wa Chang'ombe, ambaye tumezeeka pamoja, mpaka leo ananiuliza kila tunapokaa kumenya karanga, na kila mara ananilaumu kwamba nimeruka jambo nililolisema mara iliyopita. Basi nimekaa niyaandike yote kwa mpango wake, wakati ningali naikumbuka harufu ya ile nyumba: mbao za makasha ya chai, turubai la jeshi, na vitunguu.

Zama zilikuwa za Mwingereza. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa, na vyombo vya jeshi vilikuwa vinauzwa kama nyanya. Mume wangu Idi alikuwa dereva na fundi wa magari, mtu wa maneno machache mno. Ukimwuliza habari za njia atakujibu "Nzuri," kumbe daraja limechukuliwa na maji. Maneno ya nyumba nzima alikuwa nayo mama yake, Bi. Hadija, ambaye nilikaa naye tangu niolewe. Kwake mboga yangu ilikuwa na chumvi nyingi, ikipungua chumvi ilikuwa haina ladha. Sikumchukia. Lakini sikuwa na hamu ya kufungiwa naye ndani ya sanduku.

Uani kwetu, Makole

Mama alikuwa Mnyaturu wa Singida. Baba yake Idi, mtu wa mjini wa ukoo wa wale waliokuja na misafara zamani, alikwenda huko kununua samli na ngozi, akamwona, akamwoa, akamleta Dodoma. Mama akasilimu, akazaa, akazika mume. Kwao hakurudi hata mara moja. Kwanza ilikuwa watoto, halafu njaa, halafu vita, halafu nyonga. Baba yake mzazi alipofariki, habari zilimfikia mvua mbili zimekwisha kupita, na kaka yake, Ntandu, akatuma neno kwa watu waliokuja mnadani na ng'ombe: "Mwambieni tumezika bila yeye." Tangu hapo kimya.

Mwaka ule watu wa mnada wakaleta neno jingine. Ntandu macho yanafunga. Anaona leo kidogo, kesho chini ya hapo.

Usiku ule Mama hakuisema vibaya mboga yangu. Alinawa mikono akasema, "Nataka kaka yangu anione kabla hajawa kipofu. Akitaka kunitukana, anitukane akiniona."

Tatizo lilikuwa nyonga. Reli ya kutoka Manyoni kwenda Singida ilikuwa imeshang'olewa, na malori yaliyokwenda huko yalipakia watu juu ya magunia. Mama hata kukaa kwenye mkeka aliegemea upande mmoja. Idi alisikiliza, akanyanyuka, akaenda kulala. Haukupita muda mrefu akaja uani na lori la jeshi linalokokotwa na lori jingine. Mbele lilikuwa na kibanda cha dereva na injini. Nyuma hakuna kitu, mifupa mitupu.

"Hiki nini tena?" nikamwuliza.

"Nyumba ya Mama," akajibu, akaingia uvunguni.

Injini aliijua mwenyewe. Kwa mbao alimwita jirani yetu, Mistri Govind, Mhindi seremala aliyekuwa na karakana yake ng'ambo ya barabara na aliyempenda Idi kwa sababu hakumpigia kelele. Mistri alilizunguka lile lori, penseli sikioni, akatikisa kichwa.

"Idi bhai, veve nataka nyumba ama nataka gari? Nyumba nalala. Gari nakimbia."

"Nataka ilale huku inakimbia," Idi akasema. Mistri akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuleta randa.

Sakafu waliifanya ya mninga, wakaikaza kwenye chasisi kwa bolti na nati, si misumari, kwa kuwa Mistri alisema misumari hung'oka yenyewe njia ikiwa mbaya. Kuta zilikuwa za makasha ya chai, na maandishi ya makasha yalibaki yanasomeka, mengine yamepinduka kichwa chini. Paa la kwanza walilifanya la bati, refu, Idi aweze kusimama ndani. Wakalipeleka gari kujaribu njia ya Kizota, ambako wakati ule hakukuwa na karakana wala nini, ni mashamba ya mtama na miti ya miiba. Wakarudi bila paa. Tawi la mti mmoja wa mkakaya lililitwaa. Paa la pili wakalifanya la turubai juu ya mbavu za miti iliyopindwa, fupi, na Idi akajifunza kuinama.

Mimi nilidai dirisha upande wa jiko. Nikapata, lina kibao cha kufungwa kwa ndani. Jiko la mkaa lilikaa kwenye sanduku la bati lenye mchanga chini yake. Pipa la maji lilifungwa nyuma ya kibanda cha dereva na bomba lake likatokeza ndani. Wanawake wa mtaa walikuja kulifungua na kulifunga kama watoto. Rafu za vikombe nilizitilia kigingi mbele visiruke. Mlango ulikuwa nyuma, na ngazi ya vidato vya kukunja.

Kazi ngumu ilikuwa kitanda. Idi alikata miguu ya kitanda cha kamba akakikaza sakafuni, akalala yeye mwenyewe, akamwomba Mistri aendeshe. Alirudi ana nundu kisogoni. Akaongeza godoro la sufi, nundu ikawa upande mwingine. Mama alikuwa barazani anawatazama, na kwa jirani palikuwa na mama mmoja anatwanga, mtoto yuko mgongoni.

"Mnataka kunilaza kama gunia," Mama akasema. "Mtazameni huyo mtoto. Anarushwa tangu asubuhi, amelala. Hakulazwa juu ya kitu. Ameshikwa, ananing'inia."

Idi alisimama kitambo na spana mkononi. Kisha akaenda kuokota mipira ya ndani ya matairi mabovu, akaikata vipande virefu, akakitundika kitanda kwenye nguzo za nyumba, huku na huku, kisiguse sakafu. Mama akapandishwa kwa kusukumwa na kuvutwa, akalala. Lori likazunguka mtaa mzima kupitia mashimo yote ya Makole. Alipoteremka tulimngoja aseme.

"Mto ni mgumu," akasema. Tukajua kitanda kimekubalika.

Dodoma hadi Bahi

Tuliondoka asubuhi, mtaa mzima uko nje. Watoto walikimbia nyuma wakipiga kelele "Nyumba inahama! Nyumba inahama!" Mkewe Mistri alinipa mtungi wa achari ya maembe na chapati nyembamba za manjano zilizofungwa kwa kitambaa, akaniambia zile chapati haziozi. Ni kweli. Mpaka tulipopita Manyoni tulikuwa tunazila.

Idi alikaa mbele peke yake. Mimi nilikaa nyuma na Mama, maana hakuweza kuachwa akining'inia bila mtu wa kumshika kwenye kona. Kwa hiyo safari yangu mimi niliiona kinyumenyume, kupitia mlango wa nyuma: kila kitu kilikuwa kimeshapita ndipo nikione. Kijiwe, mbuyu, mtu na mbuzi wake, vinatoka ubavuni, vinasimama kidogo katikati ya vumbi, vinakuwa vidogo.

Nilikuwa na kiburi cha jiko langu, nikasema nipike maharage gari likitembea. Kufika kwenye makorongo sufuria likaruka, mchuzi ukamwagikia mkaa, moshi ukatoka dirishani, mlangoni na kwenye kila upenyo wa makasha ya chai. Wachungaji wawili waliokuwa na ng'ombe kando ya njia wakadhani gari linaungua. Walikimbia nasi wakitutupia mchanga kwa mikono, na Idi mbele hana habari. Mama alikuwa mweupe kichwa hadi miguu.

"Kwetu," akasema akitema mchanga, "bibi harusi ndiye humwagiwa kitu juu. Leo nami nimeolewa tena."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka mpaka akashika mbavu.

Bahi

Mvua za kwanza zilikuwa zimewahi kunyesha huko, na mbuga ya Bahi mnaijua: juu pakavu, chini uji. Magurudumu ya nyuma yalizama mpaka kwenye sakafu yetu ya mninga. Idi alikata matawi, akachimba, akajaribu, likazidi kuzama. Akaenda kutafuta watu.

Akarudi na wanaume wa kijiji cha karibu, mbele yao Bwana Ndahani, Mgogo mrefu mwenye mgolole. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji, kwa hiyo haya ya mwanzo nilihadithiwa. Ndahani alichungulia dirishani kwangu akaona ajuza amelala juu ya kitanda kinachoning'inia, hatikisiki, amefunikwa shuka hadi usoni. Mama alijifunika kwa ajili ya nzi. Ndahani akarudi nyuma, akashusha sauti.

"Mnampeleka kwao?"

"Ndiyo," Idi akajibu. "Kwao Singida."

"Alikuwa mtu mzima?"

"Mzee."

"Poleni sana, bwana."

"Tumeshapoa," Idi akasema, akidhani anapewa pole ya matope.

Nilipokuwa narudi na ndoo kichwani nikasikia kilio. Wanawake wa kijiji wamekuja, wamejifunga viunoni, wanalia kwa sauti kuizunguka nyumba yetu. Ndoo ikaniponyoka. Nilijua Mama amekufa. Nilikimbia kwenye yale matope huku nalia jina lake, na niwaambie kweli, nililia kilio ambacho sikujua kama ninacho.

Kule dirishani shuka likafunuliwa. Kichwa cha Mama kikatokeza.

"Mbukwenyi!" akawasalimu kwa Kigogo. "Amekufa nani?"

Wengine walikimbia. Ndahani alibaki, lakini kwa mbali. Mama alipofahamishwa mambo yalivyokuwa, alimtazama mwanawe aliyesimama na jembe, akasema, "Mimi nimemzaa huyu, lakini siku moja atanizika kwa uvivu wa kusema." Kisha akanitazama mimi, matope hadi magotini na machozi usoni. 

Lori halikutoka siku ile wala siku zilizofuata. Matope yalitaka kukauka kwanza. Mke wa Ndahani alituletea ugali wa uwele na mlenda wa kukaushwa, na Mama, aliyezisusa mboga zangu miaka yote, alikula mpaka akalamba vidole. Jioni wanawake walipanda ngazi mmoja mmoja kukijaribu kile kitanda, kila mmoja akimletea kitu: maziwa ya mgando, ubuyu, yai. Lakini kila asubuhi Mama aliuliza matope yakoje, na kila asubuhi aliposikia jibu aligeukia ukutani. "Macho hayangoji matope," alisema.

Mwishowe udongo ukashika, wanaume wakafunga kamba, wakaimba, wakavuta, lori likatoka kama jino. Ndahani alimpa Mama mkono dirishani. "Ukifa kweli," akamwambia, "pitia hapa. Tumeshalia nusu."

Kupanda Kilimatinde

Baada ya Kintinku nchi inasimama mbele yako kama ukuta, na barabara ya siku zile ilipanda ule ukuta kwa kujipinda, jabali upande huu, utupu upande ule. Idi alimwomba mama yake ateremke apande kwa miguu taratibu. Mama akamjibu kwamba kama angekuwa na miguu ya kupanda Kilimatinde asingejengewa nyumba.

Basi mimi nikateremka. Idi alinikabidhi kabari, gogo la mgunga lenye mpini, akaniambia, "Likisimama, weka." Hayo tu. Nikatembea nyuma ya gurudumu, nikimeza vumbi na moshi, na mlango wa nyumba uko wazi mbele yangu. Namwona Mama ndani ananing'inia, ameshika nguzo kwa mikono miwili, midomo inakwenda kwa dua.

Kwenye kona moja injini ilichemka, mvuke ukaruka mbele, gea ikachomoka. Lori likasimama kidogo, kama mtu anayefikiri. Kisha likaanza kurudi.

Sikuweka kabari kwa ushujaa. Niliweka kwa sababu ilikuwa mkononi. Gurudumu lilipanda juu ya gogo, likalisukuma, likanivuta nalo maana sikuuachia mpini, kisha likakaa. Kimya. Vijiwe vilikuwa bado vinaporomoka kule chini. Vinadunda, vinanyamaza, vinadunda tena.

Idi akaja mbio, uso umekuwa wa majivu. Alitazama kabari, akatazama ukingo wa barabara, akanishika bega. Kinywa chake kilifunguka, kikafungika. Akaenda kuongeza maji kwenye rejeta.

Tulipofika juu Mama aliniita ndani. Viganja vyangu vilikuwa vimejaa miiba ya mbao. Akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akaweka mkono wangu mapajani mwake, akaanza kuitoa mmoja mmoja, gari linatembea, kitanda kinabembea, na hakunichoma hata mara moja.

"Mimi nilifika Dodoma nikiwa mdogo kuliko wewe," akasema, macho yako mkononi. "Mama mkwe wangu hakuipenda mboga yangu."

"Ilikuwa na kasoro gani, Mama?"

"Haikuwa na kasoro. Alikuwa amezoea kuwa peke yake na mwanawe."

Akageuza kiganja changu, akaendelea na upande wa pili.

Manyoni, na mtu wa mbung'o

Manyoni tulinunua asali, na mwenye duka mmoja, Mwislamu wa Kihindi, alitupa gundi ya kuzibia rejeta akakataa malipo, kwa sharti kwamba wanawe wapande waione nyumba. Walipanda. Mmoja hakutaka kushuka.

Mbele ya Manyoni, porini, palikuwa na kizuizi cha mbung'o, wale nzi wanaoua ng'ombe. Kila gari lilisimamishwa, likakaguliwa, nzi wakaswagwa kwa brashi na wavu. Mkaguzi alikuwa kijana nadhifu, kofia nyekundu, soksi mpaka magotini. Alilitazama lori letu kwa mashaka.

"Hili gari au nyumba?"

"Gari," Idi akasema.

Kijana akakunja mikono ya shati, akapanda ngazi na wavu wake, akaingia, akaanza kupiga brashi kwenye paa. Sauti ya Mama ikamsimamisha.

"Wewe! Umepiga hodi?"

"Bibi, mimi ni mkaguzi."

"Nakuuliza umepiga hodi? Unaingia alipolala mama wa watu na fagio?"

Kijana alitazama kitanda, vikombe, jiko, pazia langu la kanga. Akateremka ngazi zote, akavua kofia, akagonga ukuta.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa fanya kazi yako. Pale juu yupo mmoja, ananisumbua tangu jana."

Alimkamata. Kisha akakaa, akala chapati ya mwisho ya mke wa Mistri, akatuambia kwao ni Tukuyu na kwamba toka aletwe pale porini hajapiga hodi mlango wa mtu. Tulichelewa sana pale. Mama hakulalamika.

Kwa Mjomba Ntandu

Ukikaribia Singida yanaanza yale mawe makubwa, yamepandana kama mizigo iliyosahauliwa, na upepo hauna adabu. Mama alitaka kibao cha dirisha kiwe wazi muda wote.  Kisha akasema, "Pinda hapa," na nikagonga ukuta wa mbele, Idi akapinda kwenye njia ambayo mimi nisingejua ni njia.

Palikuwa na tembe ndefu yenye paa la udongo, zizi, na mzee mmoja amekaa kwenye kigoda kivulini anasokota kamba. Idi akazima injini. Watu wakatoka ndani. Mzee hakugeuka, vidole viliendelea kusokota.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yetu, juu ya ngazi, hawezi kushuka bila kushikwa. Akasema maneno kwa Kinyaturu. Lugha ile siijui, lakini binti mkubwa wa Ntandu alikuwa amewahi kuishi Manyoni, akasogea kwangu akanitafsiria kwa sauti ya chini.

"Anasema, ni mimi."

Mzee alisokota kamba mpaka kipande kile kikaisha. Ndipo akajibu.

"Anasema, sauti ni ya marehemu mama yetu. Lakini mama hakuwa na gari."

Hakuna aliyecheka. Mzee akainuka, mkono mbele. Mkono uligusa bodi ya lori, ukapanda, ukaanza kufuata mbao za makasha ya chai, ubao kwa ubao, taratibu, mpaka nyuma, mpaka kwenye ngazi. Ukaukuta mguu wa dada yake. Ukaushika.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa," Mama akajibu.

"Baba aliuliza habari zako."

Mama alilia hapo juu ya ngazi, mguu wake umo mkononi mwa kaka yake, na Idi alisimama akitazama chini. Tulimshusha. Mzee alimtaka asimame juani, akamsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana, akafumbua macho yale yaliyokuwa na ukungu. Alitazama sana. Tulingoja. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni siku tulizopoteza Bahi, nikiona kila moja ni deni letu.

"Naona weupe," mzee akasema.

Mama alikuwa amevua ushungi. "Ni mvi zangu," akamwambia.

"Basi nimekuona," akasema Ntandu. Akamshika mkono, wakaingia ndani.

Kesho yake Mama alitaka kupelekwa kaburini kwa baba yao. Ntandu naye akapandishwa kwenye nyumba, akalazwa kitandani. Lori lilipoondoka akabembea, akapiga kelele kama mtoto, akataka lirudi mwanzo lianze tena. Mama alikaa kwenye sanduku la nguo, uso mlangoni, akimweleza vitu vinavyopita. Binti alinitafsiria vichache: jiwe la fisi lipo. Mti wa nyuki umekatwa. Ziwa limepungua, lakini ndege wapo. Hapa ndipo uliponisukuma nikavunja mtungi. Ntandu akakataa katakata, akasema mtungi aliuvunja mwenyewe, na wakabishana mambo ya mtungi ule mpaka tukafika. Kaburini Mama aliokota jiwe akaliongeza kwenye mengine. Kaka yake alilipapasa kujua limekaa vizuri, akalisogeza kidogo.

Kurudi

Mama alibaki. Hakutuambia kwa mkutano. Aliniomba tu nimfundishe binti wa Ntandu namna ya kumgeuza usiku nyonga ikimbana, nikaelewa. Idi naye alielewa. Alizunguka ile tembe, akatazama vile vitanda vya ngozi vya chini, akatazama nyonga ya mama yake. Kisha akaenda kuchukua spana.

Nati za Mistri Govind zilifunguka moja moja. Wanaume wa pale waliinyanyua nyumba nzima kwa miti, na kitanda chake, rafu zake na dirisha langu, wakaiweka uani karibu na mlango wa Ntandu, juu ya mawe manne mapana. Jioni ile Mama alilala ndani yake haiendi popote, na kaka yake alikuwa nje amekaa kwenye ngazi, wanaongea kupitia ukuta wa makasha ya chai.

Asubuhi ya kuondoka alinishika viganja vyote viwili, akavigeuza, akaangalia vilivyopona. "Mwanangu si mtu wa maneno," akasema. "Mimi nilisema badala yake miaka yote, nikamharibu. Usingoje aanze. Muulize." Kisha akaniambia niende, jua linapanda.

Nilipanda mbele, maana nyuma hakukuwa na nyumba tena, na kwa mara ya kwanza katika safari ile niliona vitu vikija badala ya vikienda. Kwenye kizuizi yule kijana wa mbung'o aliuliza nyumba iko wapi. Idi akasema, "Imefika." Kilimatinde tulishuka pole pole. Matope ya Bahi yalikuwa yamekauka yakapasuka, na Ndahani hakuwepo, amekwenda malishoni.

Tulipoivuka ile mbuga nilimwona Idi anafuta uso kwa kiwiko. Huenda lilikuwa vumbi. Nikamtazama, nikamwuliza, "Idi, pale Kilimatinde, uliponishika bega, ulitaka kuniambia nini?"

 Alipunguza mwendo, akaliweka lori pembeni, akazima injini, akaanza. Alianza na Kilimatinde, akarudi nyuma kwenye siku aliyoniona mara ya kwanza, akafika kwa baba yake, akafika kwenye mambo ambayo mama yake hakuwa anayajua. Aliwasha gari tena huku anaendelea. Tulipoliona paa la stesheni ya Dodoma alikuwa hajamaliza.